Jinsi ya kupima mwenyewe kama utapata nafasi shule ya PA hapa Marekani, kabla hujalipa hata dola moja

Kila mwezi sikosi meseji mbili tatu za ndugu zetu, wengi wako kwenye kulea wazee au grupu homu, wanaandika hivi: nina GPA (wastani wa alama za chuo, juu kabisa ni 4.0) ya 3.2, nimefanya CNA (msaidizi wa nesi) miaka miwili, je shule ya PA nitapata? Na jibu langu ni lilelile kila siku, kwa mstari mmoja hakuna mtu anayeweza kukwambia, maana programu za PA zenye ithibati ya ARC-PA (bodi inayozikagua programu hizi) zimeshapita 300 na kila moja ina mzani wake. Kuna ambayo hiyo 3.2 hata hawaifungui, na kuna ambayo watakusoma mpaka mwisho kwasababu umekaa na wagonjwa. Kwahiyo badala ya kuuliza nitapata au sitapata, uliza nitapata wapi. Na hilo unaweza kulijibu mwenyewe, ukiwa na kalamu, transkripti zako zote na jioni kama tatu hivi za utulivu.

Kwa ambao ndio mnasikia leo, PA ni yule anayempima mgonjwa, anatoa dawa, anashona kidonda, anasaidia upasuaji, akifanya kazi na daktari. Ukitaka kumfananisha na mtu wa nyumbani basi mfikirie afisa tabibu, ila huku ni digrii ya masters, inachukua wastani wa miezi 27, mwaka wa kwanza darasani na unaofuata hospitali. Jina refu lilikuwa fizishani asistanti, chama chao cha kitaifa mwaka 2021 kikalibadilisha kuwa fizishani asosieti, kwahiyo ukikuta majina mawili usichanganyikiwe, ni kazi ileile. Ilianza Duke University mwaka 1965, na wanafunzi wa kwanza walikuwa wanajeshi wa majini waliokuwa wanatibu wenzao jeshini. Nalitaja hili kwa makusudi, kazi hii ilitengenezwa kwa ajili ya mtu ambaye tayari ameshashika mgonjwa, na mpaka leo programu nyingi zinakupima kwa jicho hilo, tofauti na shule ya udaktari.

Haya tuanze.

Hatua ya 1. Makaratasi yako

Hii ni fupi ila wengi wanairuka. Kama una uraia, green card, au uliingia kwa ukimbizi au umepewa asailamu, milango mingi iko wazi na mkopo wa serikali unaweza kuomba. Kama uko na viza ya mwanafunzi, kuna programu nyingi hazichukui wanafunzi wa nje kabisa, kwahiyo orodha yako inaanza ikiwa fupi, chuja kwa kigezo hicho kwanza kabla hujaangalia GPA wala nini. Na kwenye mkopo, kuna kitu kipya, sheria iliyosainiwa Julai 2025 inaufuta ule mkopo wa Grad PLUS kwa wakopaji wapya kuanzia tarehe 1 Julai 2026. Huo ndio watu walikuwa wanautumia kufunika ada yote iliyobaki. Ongea na ofisi ya misaada ya kifedha ya programu unayoitaka mapema, maana kukubaliwa halafu ukakosa hela ya kulipa ni uchungu ambao simuombei mtu.

Sasa ndugu zangu matabibu wa Tanzania na Kenya, najua mmekaa wodini, mmezalisha, mmetibu malaria kali saa nane usiku mkiwa peke yenu, lakini huku cheti chako hakikupi ruhusa ya kufanya kazi ya PA. Njia ni moja, umalize programu yenye ithibati alafu ufaulu PANCE, ule mtihani wa kitaifa wa kuingia kazi ya PA. Na diploma ya miaka mitatu sio digrii, kwahiyo karibu kote utadaiwa bachelor kwanza. Peleka vyeti vyako WES au taasisi nyingine inayokubaliwa wakutathminie kozi kwa kozi, maana ile ripoti ya jumla jumla mara nyingi haitoshi, ujue una krediti ngapi zinazotambulika na unadaiwa ngapi kufika digrii. Fanya hilo kabla ya kitu kingine chochote.

Hatua ya 2. Piga GPA yako kama CASPA watakavyoipiga, sio kama chuo chako kinavyoionyesha

Hapa ndipo nataka ukae muda mrefu kuliko pote. CASPA ni ule mfumo mmoja wa kuombea programu karibu zote, unajaza mara moja unatuma kwingi. Wao wanachukua kila kozi uliyowahi kusoma chuo chochote cha Marekani, hata ile komyuniti koleji uliyosoma semista moja ukaacha, wanaiweka kwenye hesabu. Na kubwa zaidi, ukirudia kozi hawafuti alama ya zamani. Chuo chako kinaweza kuwa kimeifuta, transkripti inang'aa, lakini kwa CASPA zote mbili zipo.

Mimi hili liliniumiza. Nilikuwa na D ya kemia ya mwaka wangu wa kwanza hapa, nilikuwa nafanya kazi usiku nasoma asubuhi, nikairudia nikapata A, nikatembea miaka yote najua nina A. Angalia hesabu yenyewe: kemia ya krediti 4 yenye D ni pointi 4, ya A ni pointi 16, jumla pointi 20 gawanya kwa krediti 8 unapata 2.5. Sio 4.0. Siku nimeona GPA waliyonipa kwenye mfumo nilikuwa nimekaa kwenye gari nje ya kazini, nikashindwa kuingia shifti kwa dakika ishirini nzima. Hela nilishalipa, programu nilishachagua kwa GPA ambayo haikuwepo.

Kwahiyo fungua eksel, andika kila kozi, krediti zake, alama yake (A ni 4, B ni 3, C ni 2, D ni 1, F ni 0, na zile zenye plasi na minasi zina desimali zake), zidisha, jumlisha, gawanya kwa krediti zote. Fanya mara tatu: ya jumla, ya sayansi, na ile ya bayolojia, kemia na fizikia peke yake. Kisha piga na ya krediti 60 za mwisho, kuna programu zinaiangalia hiyo sana na kwa mtu aliyeanza vibaya ndio mkombozi wake.

Kozi ulizosoma nyumbani kwa kawaida haziingizwi kwenye hesabu hiyo, zinaenda kwa ripoti ya tathmini. Maana yake kama ulisoma digrii Dar au Nairobi na hapa umechukua kozi sita tu, basi GPA yako yote imesimama juu ya hizo kozi sita. Ni nafasi nzuri ukizipiga A, na ni hatari kubwa ukichukua tatu kwa mpigo huku una kazi mbili.

Sasa namba zinasemaje. Programu nyingi zimeweka kiwango cha chini 3.0, lakini wanaoingia wastani wao wa kitaifa uko kwenye 3.5 na 3.6 hivi. Kile kiwango cha chini kinakuruhusu utume maombi tu, hakimaanishi watu wa 3.0 ndio wanaochukuliwa. Ukiwa na 3.5 kwenda juu, GPA sio tatizo lako, hamia hatua inayofuata. Ukiwa 3.2 mpaka 3.4 unahitaji kitu kingine kikubebe na orodha iliyochaguliwa kwa akili. Chini ya 3.0, usitume kwanza.

Na kupandisha inawezekana ila ujue inapanda taratibu kiasi gani. Una krediti 120 zenye 3.0, ukaongeza krediti 30 zote A, unafika 3.2 tu. Lakini kwenye sayansi, kama una krediti 40 zenye 2.8 na hizo 30 zote ni za sayansi, unapanda mpaka 3.3. Umeona tofauti? Ndio maana mtu mwenye GPA ya chini namshauri asirudie vikozi vya hapa na pale kupandisha ya jumla, achukue sayansi za ngazi ya juu, jenetiki, bayokemia, fiziolojia ya juu, imunolojia, anakuwa anapandisha namba na hapohapo anaonyesha kwamba yule wa zamani sio huyu.

Hatua ya 3. Kozi za lazima

Karibu kila mahali watataka anatomia na fiziolojia 1 na 2 zenye maabara, mikrobayolojia yenye maabara, kemia ya jumla, takwimu, saikolojia. Baada ya hapo kila mtu na lake, huyu anataka kemia ogani, huyu bayokemia, huyu jenetiki, huyu istilahi za kitabibu. Angalia vitu vitatu. Kwanza tarehe, programu nyingi hazikubali sayansi iliyopita miaka 5, 7 au 10, kwahiyo anatomia yako ya 2012 inaweza kuwa imeshakufa. Pili ilisomwa wapi, nyingi zinataka iwe imesomwa chuo chenye ithibati cha hapa Marekani. Tatu maabara ya mtandaoni, wengine wanakubali wengine hawataki kuisikia. Komyuniti koleji kwa sehemu kubwa inakubalika, usiogope, na ndio ya bei nafuu.

C kwenye anatomia irudie. Hata kama wanaandika C inatosha.

Hatua ya 4. Masaa ya wagonjwa

Hapa ndio sisi tuna utajiri ambao hatuujui. Wakati mtoto wa chuo wa miaka 22 anahangaika kutafuta masaa 1,000, dada yangu wewe uliyefanya CNA miaka minne una masaa hujawahi hata kuyahesabu. Shifti tatu za masaa 12 kwa wiki ni 36, kwa wiki 50 ni masaa 1,800 kwa mwaka. Hata wikiendi peke yake, shifti mbili za 12, ni 1,200 kwa mwaka.

CASPA wanagawanya makundi mawili. Kuna PCE, masaa ambayo wewe mwenyewe unawajibika na huduma ya mgonjwa, unafunga kidonda, unatoa damu. Na kuna HCE, upo kwenye afya ila wewe sio unayewajibika na huduma ya mgonjwa, mapokezi, usafi, kupeleka chakula wodini. CNA, medikali asistanti, EMT na paramediki (wale wa ambulansi), nesi, mtu wa kutoa damu, hao programu nyingi zinawahesabu PCE. Grupu homu ndio yenye utata, kama unatoa dawa, unalisha kwa mrija, unaangalia sukari, eleza hayo uliyokuwa unafanya na uiulize programu kama wanaihesabu PCE, lakini kama kazi yako ilikuwa kukaa na mteja kuangalia tivii na kumpeleka dukani, usijidanganye, programu itaona. Skraibu (anayemwandikia daktari maelezo ya mgonjwa) nayo inategemea programu.

Viwango vya chini vinatofautiana sana, wapo wa 500, wapo wa 1,000, programu ya PA ya University of Washington, inaitwa MEDEX, wanataka 2,000. Kama GPA yako ni ya katikati na una masaa 4,000 au 6,000, hao wanaopenda wenye uzoefu ndio watu wako, wapange juu kwenye orodha.

Masaa ya nyumbani ukiwa tabibu au nesi yaandike pia. Wengine wanayahesabu wengine hapana, uliza kwa imeili kabla, na hakikisha kuna supavaiza aliye hai mwenye imeili inayofanya kazi wa kuthibitisha, maana hospitali ya wilaya watu wanahamishwa kila siku.

Kitu tunachokosa sana ni masaa ya kumfuata PA kazini ukimwangalia. Nasingi homu nyingi kuna PA au nesi prakitishona anapita mara moja kwa wiki, mvizie kwa heshima, msalimie, mwambie ndoto yako. Jaribu pia kliniki unayotibiwa wewe au watoto wako. Masaa 20 mpaka 40 ukiwa umeandika ulichokiona kila siku yanatosha kabisa kukupa cha kusema watakapokuuliza kwanini PA na sio nesi.

Hatua ya 5. Jedwali

Sasa fungua ukurasa mpya, programu 20 kwa kuanzia. Kwa kila moja nenda kwenye tovuti yao tafuta ukurasa wa takwimu za darasa walilochukua karibuni, na uandike wastani wa GPA, wastani wa GPA ya sayansi, wastani wa masaa, idadi ya nafasi, kama wanataka mitihani ya kuingilia ya GRE au PA-CAT au Casper, kama wanataka TOEFL (mtihani wa Kiingereza) kwa mtu aliyezaliwa nje (wengine wanakusamehe ukiwa na digrii ya hapa), na dedilaini. Andika wastani, sio kiwango cha chini. Kiwango cha chini kinatumika kwa kitu kimoja tu, kufuta mstari kama hujakifikia. Umepungukiwa nukta moja au masaa kumi? Futa, nyingi ni kompyuta inachuja, hakuna mtu wa kumuonea huruma.

Alafu soma misheni yao, yaani lengo la programu waliloliandika. Watu wanaona ni maneno ya kupamba tovuti, hapana. Programu iliyoandika inataka kuhudumia vijijini na watu waliosahaulika inapokea kwa jicho hilohilo, na wewe uliyetafsiria wakimbizi wa Kongo Kiswahili hospitalini, uliyekulia mahali zahanati iko mbali, una hoja ya kweli pale. Lugha peke yake haikubebi, lakini lugha pamoja na kazi uliyoifanya nayo inakupandisha. Angalia pia kama wanatoa kipaumbele kwa wakazi wa jimbo lao.

Na angalia kama wao pia wanafaa, wanatakiwa waweke wazi matokeo ya PANCE na idadi ya wanafunzi wanaoacha njiani. Programu yenye ufaulu unaoshuka kila mwaka au iliyowekwa chini ya uangalizi na ARC-PA kwa kasoro zake, fikiria mara mbili, hata kama ndio rahisi kuingia.

Ukimaliza, paka rangi. Kijani, uko juu au sawa na wastani wao kwenye GPA ya jumla, ya sayansi na masaa. Njano, uko juu kwa kitu kimoja na chini kidogo kwa kingine. Nyekundu, uko chini kwa viwili au vyote. Mimi ningetuma 8 mpaka 12, nyingi kijani na njano, nyekundu moja au mbili za moyo. Kama jedwali lako lote ni nyekundu basi umeshapata jibu, mwaka huu sio wa kutuma, ni wa kujenga, na umelipata bure. CASPA ya kwanza ni kama dola 180 na kitu, kila unayoongeza ni kama 60, programu kumi zinapita 700 kabla ya ada zao za ziada. Wana msaada wa ada kwa wenye kipato kidogo, unaomba mwanzoni kabla haujaisha.

Hatua ya 6. Visivyo na namba

Barua. CASPA wanataka angalau mbili na wanapokea mpaka tano, programu nyingi zinataka tatu. Bora PA au daktari aliyekuona kazini, mwalimu wa sayansi, na supavaiza. Mchungaji au shehe wako anakupenda najua, lakini hajakuona na mgonjwa.

Esei ina nafasi ya herufi 5,000 pamoja na nafasi tupu. Tunapenda kuandika mateso, njaa, safari ndefu, na ni ya kweli, ila anayesoma anatafuta sentensi inayoonyesha unaelewa PA anafanya nini na kwanini wewe. Simulia mgonjwa mmoja (bila kumtambulisha), uliona nini, ulifanya nini, PA alifanya nini ambacho wewe hukuweza. Hapo umemaliza kazi.

Na muda. Mfumo unafunguliwa mwishoni mwa mwezi wa nne, na programu nyingi zinaita watu kadiri maombi yanavyoingia, kwahiyo anayetuma mwezi wa sita na anayetuma mwezi wa tisa wana namba zilezile lakini nafasi sio zilezile, huyu wa pili anagombania viti vilivyobaki. Ongeza wiki kadhaa za CASPA kuhakiki transkripti. Kama huwezi kutuma kabla ya mwezi wa nane, shusha kila rangi yako daraja moja, njano iwe nyekundu. Mimi mara ya kwanza nilituma mwisho wa mwezi wa tisa.

Kitu kingine, kaa na nyumba yako. Programu nyingi zinakataza au zinakukatisha tamaa kufanya kazi ukiwa unasoma. Ile hela unayotuma nyumbani kila mwezi kwa mama, ada ya mdogo wako, itakatika miaka miwili na zaidi. Waambie mapema, wajiandae, wasije wakakupigia simu wiki ya mtihani wa famakolojia.

Hatua ya 7. Majibu yakirudi

Haya nayo ni kipimo, tena ndio kizuri kuliko vyote. Kama hakuna hata mmoja aliyekuita kwenye usaili, shida iko kwenye namba, orodha, au muda, rudi hatua ya 2 na ya 5. Kama waliita watatu na wote wakakataa, namba zako ziko sawa kabisa, acha kurudia kozi, tafuta mtu akufanyishe mazoezi ya usaili kwa Kiingereza, kwa sauti, mkiangaliana, maana sisi tumelelewa kutojisifu na kutomkazia macho mkubwa, na kwenye ile meza ya watu watatu unyenyekevu wetu wanausoma kama hujui. Kama uliwekwa waitilisti, uko karibu sana, ongeza masaa, ongeza kozi moja au mbili za A, tuma mapema, na uwape programu ileile nafasi ya kukuona tena.

Mimi mwaka wa pili nilituma wiki ya pili ya mwezi wa sita, kwa jedwali lenye GPA ya kweli, programu tisa. Walioniita kwenye usaili walikuwa wanne, na wanne wote walikuwa kwenye kijani na njano.

Programu iliyokukataa unaweza kuiandikia imeili fupi ya heshima uombe maoni, sio wote wanajibu ila wapo wanaokwambia waziwazi kilichokosekana. Andika wiki mbili baada ya majibu, taja namba yako ya CASPA, uliza swali moja tu: kwenye maombi yangu, ni sehemu gani mngependa kuiona imebadilika nikituma tena?